Ruzuku ya foundesheni ya jamii hapa Kisumu: roho safi, mguu mzito

Tangu tupate ile ruzuku simu yangu haitulii, kila CBO (kikundi cha kijamii) kuanzia Nyalenda hadi Ahero inataka kujua tuliingilia mlango gani na kama hiyo pesa ni ya kweli ama ni zile za kutumiwa fomu halafu unaitishwa ada ya usajili. Ni ya kweli. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu huku Nyalenda A, watoto wengi wana mtindio wa ubongo, ile hospitali wanaita CP, na kazi yetu kubwa ni kuwatengenezea viti vya kukalia na kuwapeleka mazoezi ya viungo. Jina la foundesheni siandiki juu kuna mahali nitawapiga na sitaki vita, wenye wanaijua wataijua.

Nyota nawapa tatu na nusu kwa tano. Ingekuwa nne na nusu kama si ile maneno ya awamu, nitafika huko.

Kwanza watu wanachanganya vitu. Hii si Uwezo Fund. Uwezo ni mkopo, hauna riba sawa, lakini unarudisha, na sisi kikundi chetu hakina biashara ya kurudisha kitu, tunafanya biashara gani na viti vya watoto jameni? Pia si ile ya kuenda kwa ofisi ya mheshimiwa upigwe picha na hundi kubwa ya karatasi. Foundesheni ya jamii ni kama chama kikubwa cha kuweka akiba ambacho hakigawani mtaji: watu na makampuni wanaweka pesa, ile pesa yenyewe haiguswi, inawekezwa, faida ndio inatolewa kwa vikundi. Wazo lenyewe ni la zamani, lilianza Cleveland kule Marekani mwaka wa 1914, benka mmoja anaitwa Frederick Goff aliona matajiri wanakufa wanaacha wosia za ajabu ajabu zimefungiwa kazi zenye hazina maana tena, akasema hizo pesa zikae chungu kimoja na watu wa mji waamue. Kenya ile inajulikana sana ni KCDF, yaani Kenya Community Development Foundation, ilianzishwa 1997, na tangu hapo kumekuwa na zingine ndogondogo zinafuata hiyo njia.

Kwa nini nawaambia hii historia yote? Juu inaeleza mbona pesa ni kidogo, na mbona raundi yetu ilikuwa ndogo kuliko ya waliotutangulia. Madam mwenye alikuwa anatushughulikia alituambia wazi, na hiyo nilipenda, hakuficha. Sehemu ya mtaji wao iko kwa bili za serikali, zile za CBK (Benki Kuu), yaani unaikopesha serikali kwa muda mfupi inakulipa riba. 2024 katikati bili ya siku 91 ilikuwa inalipa karibu asilimia 16, mwaka uliofuata ikashuka hadi kama 8. Faida ikikatika nusu, ya kugawa nayo inakatika. Mwaka huohuo Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya Marekani, na hapa Kisumu mnajua ni ofisi ngapi zilifunga milango, sasa mashirika yenye yalikuwa yanakula meza kubwa yakashuka kuja kwa hii meza yetu ya vikundi vidogo. Ombi la kikundi cha akina mama sai linashindana na ombi lililoandikwa na mtu ana masta na aliandika maripoti ya USAID, lile shirika la misaada la Marekani, miaka kumi. Hapo foundesheni wanastahili sifa, walitenga sehemu ya vikundi vidogo peke yake, hizo ofisi kubwa hazikuruhusiwa kuingia. Bila hiyo tungekuwa bado tunangoja.

Haya, karatasi. Waliitisha cheti cha usajili, katiba, minitsi za mkutano wa kuamua kuomba, stetimenti ya benki ya miezi sita, PIN ya KRA, ile namba ya kodi, ya kikundi (si ya mwenyekiti, ya kikundi) na barua ya chifu. Cheti, kama bado mko na kile cha zamani cha Social Services, endeni mkahakikishe, juu tangu ile sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 mambo yamebadilika na wanataka kikundi kiwe na watu si chini ya kumi. Na usichanganye na ile sheria nyingine ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma), ile ya 2013 yenye ilianza kutumika Mei 2024 ikatoa ile ya NGO ya 1990, hiyo ni ya mashirika, si ya chama cha wazazi wa Nyalenda. Kuna jirani zetu walikimbia kuomba PBO wakifikiri bila hiyo hawapati kitu, wakatumia pesa ya wakili bure. PIN nayo ukishaipata lazima ujaze ritani ya kodi hata kama ni sufuri, usipojaza fainu inakungoja hapo kwa iTax, ule mtandao wa KRA, na kwa hii ofisi ya ruzuku wanaangalia.

Mpaka hapo kawaida tu. Yenye iliwashtua watu wangu ni ile ya kulinganisha mchango. Yaani hawakupi mpaka na nyinyi mtoe. Kwa kila shilingi mbili zao, moja yenu. Mama mmoja kwa mkutano alisimama akasema, "Sasa huyu anakuja kusaidia maskini ama anakuja kuchangisha maskini?" Watu wakapiga makofi, na mimi pia moyoni nilikuwa upande wake. Lakini nitasema ukweli, hiyo ndio kitu bora kwa hii ruzuku yote. Juu ilibidi tutoke. Tulienda kwa wauza samaki, kwa stegi ya boda, kwa makanisa mawili, kwa vijana wetu wenye wako Nairobi, na mtu hata akitoa soo mbili (shilingi mia mbili) unamuandikia risiti na jina lake linasomwa kwa mkutano. Watu wenye walikuwa hawajui kwamba nyumba ya pili kuna mtoto amelala kwa mkeka tangu azaliwe, wakajua. Na bado kuna wenye wanatuma kila mwezi, kidogo kidogo, ruzuku ikiwa imeisha.

Kingine kizuri, mchango wa vitu walikubali uhesabiwe. Hapa ndio nieleze viti vyetu. Mtoto mdogo wa CP hakai kwa kiti cha kawaida, anateleza ama anaegemea upande mmoja mpaka mgongo unapinda, anahitaji kiti chenye kimepimwa mwili wake. Ile ya kununuliwa kutoka ng'ambo ni bei ya ng'ombe, na zile za bure zinazoletwa kwa hafla huwa ni saizi ya mtu mzima, mtoto anazama ndani. Kwa hivyo tunatengeneza za makartoni. Msicheke. Ni ujuzi ulitoka Zimbabwe, unachukua kartoni za dukani, unapika uji mzito wa unga wa ngano, unapaka na kubandika kartoni juu ya kartoni mpaka upate ubao mnene, unaweka mawe juu yake vikamatane, unaanika, unakata, unaunga, unabandika karatasi juu yote, unapaka vanishi. Ukimaliza, mtu mzima anaweza kukikalia na hakiendi popote. Kiti kina meza yake mbele, kina mkanda, kina kipande katikati ya mapaja cha kuzuia mtoto asiteleze. Kartoni tunapewa bure na wenye maduka ya jumla Kibuye, na foundesheni wakakubali tuzipatie bei na ziingie kwa upande wetu wa mchango, pia na kazi ya wazazi wenyewe kwa kiwango cha kibarua cha siku. Hapo walitubeba sana.

Ziara yao sasa. Madam alikuja na kijana mmoja wa hesabu, hawakuja na gari la bendera, walishuka tuktuk. Akaketi kwa fomu na wazazi (ile ya mbao si ya karatasi), akaomba kitabu cha pesa ndogo, akakisoma ukurasa kwa ukurasa kidole kikishuka. Halafu akasimamia mahali kwa bajeti. "Mweka hazina, hii kilo zote za unga wa ngano, mnapika chapati za nani?" Wamama wakacheka mpaka wakaegemeana. Tukampeleka nyuma kwa jiko, sufuria ya uji wa gundi ilikuwa motoni, akapewa brashi apake mwenyewe. Alipaka kartoni moja na nusu hivi, viatu vikajaa uji, akauliza maswali ya maana: kikinyeshewa? Mtoto akikojoa? Kinakaa miaka mingapi? Tukamwambia ukweli, kikilowa kinaharibika kama vanishi haikuingia vizuri, ndio maana laini ya vanishi kwa bajeti ni kubwa na tafadhali msiikate. Hawakuikata. Nimekaa na madona wengine miaka ya nyuma, wengine walikuja wakapiga picha ya mtoto bila kuuliza jina la mama yake. Huyu aliwasalimia wazazi kwa majina ya watoto wao, Mama Akinyi, Baba Otis, na alipotaka picha aliuliza, na mama mmoja alipokataa haikuwa kesi.

Kwa hivyo roho iko. Sasa mguu.

Pesa inakuja kwa awamu. Ya kwanza ukisaini, ya pili ukileta ripoti ya kwanza na ikubaliwe, kabaki kadogo mwisho. Kwa karatasi inaeleweka, wanalinda pesa ya watu. Kwa kazi yetu ni balaa, na niliwaambia hivyo kwa mdomo na kwa imeili. Awamu ya kwanza ni ya kupima watoto na kununua vifaa vya kwanza. Mtaalamu wa viungo anakuja, anapima nyonga, goti, urefu wa mgongo, tunaandika kwa kitabu. Halafu tunaripoti. Halafu ripoti inakaa. Inaulizwa swali moja, tunajibu, inakaa tena, kamati yao inakutana kwa tarehe zake na ukikosa hiyo unangoja ingine. Wakati awamu ya pili inaingia mtoto amekua. Si utani, mtoto wa miaka mitatu ukimpima leo na ukamtengenezea kiti baada ya msimu mzima, goti limepita ukingo, kiti kinambana na kinamharibu badala ya kumsaidia. Kuna viti tulikata upya, na kuna kimoja hakingekatika, kikapewa mtoto mwingine mdogo na mwenyewe akarudi kwa foleni. Kumweleza mama yake ilikuwa kazi yangu, na hakunielewa na sidhani angefaa kunielewa.

Na kama hiyo haitoshi hiyo awamu ya pili ilituangukia Aprili. Mtu wa Kisumu anajua Aprili. Kartoni yenye uji inataka jua, si mvua ya kila jioni na unyevunyevu wa ziwa, ikikaa siku bila kukauka inaota ukungu na inanuka, unatupa. Tulianika ndani ya kanisa kwa mabenchi, mchungaji Mungu ambariki, Jumapili tunaondoa Jumapili jioni tunarudisha. Pesa ileile ingeingia Januari tungemaliza kazi kwa jua la bure. Hii haihitaji foundesheni itoe shilingi zaidi, inahitaji tu mtu aulize kikundi kazi yenu inafanyika mwezi gani kabla ya kupanga tarehe za kamati.

Halafu risiti. Kwa watoto wakubwa kartoni haifai, tunaenda kwa fundi wa mbao jua kali anatutengenezea kiti chenye magurudumu ya baiskeli. Fundi huyu ni moto, anafanya kazi safi, anapunguza bei. Lakini wahasibu wa foundesheni wanataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki inayopitia mfumo wa KRA, kwa kila kitu, juu tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama bila hiyo, na wao wameamua itumike kwa vikundi wanavyofadhili pia. Fundi wangu akaniangalia, "Eti nini?" Ana kitabu cha risiti cha dukani na muhuri, basi. Tulizunguka hiyo kitu mpaka tukachoka, wakasema tutafute fundi mwenye anayo, huyo mwenye anayo alikuwa anaitisha karibu mara mbili, yaani wako tayari mtoto mmoja akose kiti ili karatasi ikae vizuri. Mwishowe kijana wetu mmoja akakaa na fundi akamsajili, inawezekana hata kwa simu ya kubonyeza, si lazima kompyuta, na sasa anatoa. Amefurahi kweli maana anapata oda za shule. Lakini hiyo kazi ya kumfundisha fundi hakuna laini ya bajeti ililipa, na ingefaa foundesheni yenyewe ifanye, wako na vikundi vingi vyenye shida hiyohiyo.

Gharama za ofisi walifunga asilimia kumi. Sisi hatuna ofisi, tuko kwa chumba cha kanisa, kwa hivyo haikutuuma sana, ila vita ilikuwa kwa fare. Waliweka fare ya wazazi ndani ya hiyo kumi wakisema ni usimamizi. Usimamizi gani? Mama anabeba mtoto wa miaka tisa mgongoni, matatu inamlipisha viti viwili ama inamwacha stegi, anachukua boda kwenda na kurudi. Bila fare hakuna mazoezi, bila mazoezi kiti ni fanicha tu. Tulibishana, na nawapa heshima, walisikia, ikahamishwa ikaitwa gharama ya huduma. Kwa hivyo nyinyi mnaoandika bajeti, msiiandike "usafiri" peke yake. Andika ni ya kumleta mtoto kwa tiba, na nani anambeba.

Posho ya wajitolea hakuna. Wale wamama wawili wanaopika uji wa gundi na kukata kartoni asubuhi hadi jioni hawapati kitu kwa hii ruzuku, kazi yao inahesabiwa kama mchango wetu, nilisema hapo juu walitubeba, na ni kweli kwa hesabu, lakini kwa nyumba ya huyo mama ni siku ya kufua nguo za watu imepotea. Hapo sina jibu zuri na wao pia hawana, nadhani wanaogopa wakifungua huo mlango kila kikundi kitajaza mishahara.

Nani aombe basi? Kama kikundi chenu mko na vitabu hata vya mkono lakini vya ukweli, mko na akaunti yenye inatembea, na kazi yenu inaweza kungoja, ombeni, hamtapata watu wa heshima kuwashinda. Kama mnataka pesa ya dharura, mafuriko yameingia Nyando na watu wako kwa shule, msipoteze wakati huko, hiyo pesa itafika maji yakiwa yameshuka. Na kama hii ndio itakuwa pesa yenu ya kwanza kabisa, chukueni ndogo ya kwanza, ile ya mafunzo na kujipanga, wanayo, haitangazwi sana. Msikope kwa mtu mkitegemea awamu ya pili. Kuna kikundi upande wa Vihiga kilifanya hivyo na sai mwenyekiti hapiti njia ya soko.

Vikundi vya Nakuru wanauliza kama wanaingia, kwa hii yetu hapana, ni kaunti za huku ziwani na Magharibi, lakini KCDF ni ya nchi nzima, angalieni matangazo yao.

Ripoti, mwisho. Fomu iko kwa Kizungu na ni ndefu, kurasa za pesa ndogo sawa na za pesa kubwa, hiyo wapunguze. Lakini ukiuliza wanakubali ujaze kwa Kiswahili, na sehemu ya hadithi ya wanufaika wanakubali sauti ya kurekodi kwa simu. Mama Akinyi alirekodi yake mwenyewe, kwa Kijaluo, dakika mbili, ikapita bila swali hata moja. Yangu ya hesabu ilirudishwa juu ya shilingi arobaini.